Bledi ya pili inamfuta nani kazi?

Wasee, leo tuongee nyasi. Msicheke, hii ni historia.

Binamu yangu huku Myanga amepata tenda ya kukata nyasi kwa shule tatu na uwanja wa kanisa. Amenunua mashine ya mkono wa pili, ile unakalia ukiendesha kama trekta ndogo. Sasa ameona video za Marekani, anataka kufunga bledi mbili mbili, moja juu ya nyingine, zipishane kama msalaba. Makali yanakuwa manne badala ya mawili. Nyasi inakatwa, inarushwa ndani ya kifuniko, inakatwa tena hadi inakuwa vipande vidogo sana na kuanguka palepale. Hakuna kukusanya na reki.

Shida ni kwamba kwa hiyo reki ndipo mimi hula. Tangu niache kampasi, mimi na vijana wengine wawili hufuata mashine nyuma tukikusanya. Kwa hivyo mjue mapema, nina upande.

Hii vita ni ya zamani. Mashine ya kwanza ya kukata nyasi ilitengenezwa na Mwingereza, Edwin Budding, akapewa hataza mwaka wa 1830. Wazo alilitoa kwa mashine ya kiwandani iliyonyoa manyoya ya kitambaa cha sufu. Kabla ya hapo, bustani za matajiri zilikatwa na wanaume wenye miundu mirefu. Yaani tangu siku ya kwanza swali lilikuwa: ulipe watu au ulipe chuma?

Kwetu jibu lilikuwa tofauti. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi Wazungu waligawiwa mashamba Trans Nzoia, na reli ikafika Kitale 1926. Kodi ya nyumba iliwasukuma wanaume wetu waende kutafuta kazi huko, kipande kikining'inia shingoni. Mkono ukiwa rahisi hivyo, nani atahangaika na mashine? Unanunua slesha.

Kuka yangu alishika moja huko Kitale miaka ya hamsini. Hadi leo anakumbuka ilinolewa pande zote mbili: kwenda ukate, kurudi ukate. Hiyo ndiyo bledi mbili yetu ya kwanza. Haikumpunguzia kazi hata kidogo, ilihakikisha tu mkono haurudi bure. Na ukifikiria, ni slesha hiyohiyo tulipewa shuleni kama adhabu ya kuchelewa.

Sasa turudi kwa binamu. Bledi ya pili ina bei yake hata baada ya kuinunua. Injini inabeba mzigo zaidi, na ule upepo wa kuinua nyasi na kuzitupa nje unapungua. Nyasi zikiwa fupi na kavu, iko sawa kabisa. Lakini mvua ya Aprili ikinyesha Myanga na shule zimefungwa, ukirudi unakuta nyasi za magotini, zimelowa. Hapo hakuna kusagika. Ni matonge kukwama ndani, injini kulia, na sisi wa reki kuitwa tena, safari hii kukwangua. Na wale akina mama wanaochukua hizo nyasi kupelekea ng'ombe watabaki bila kitu.

Maoni yangu ni haya. Msimu wa mvua abaki na bledi moja moja. Kuanzia Desemba hadi Februari, nyasi zikiwa fupi, afunge mbili, apunguze kazi ya reki. Lakini atuambie sasa, si Desemba, na mmoja wetu afundishwe kuendesha na kunoa. Bledi mbili zinahitaji mtu wa kunoa mara mbili.

Nilimwambia hivyo Jumapili, Kuka akisikiliza. Binamu alikuna kichwa, akasema bolti ndefu hajanunua bado, tungoje mvua iishe. Jumamosi nimeambiwa nije saa moja asubuhi. Nije na tupa.