Samaki wa Baridi Kwenye Ikweta: Trauti Alivyofika Mlimani

Sisi wa Kamenge tukitaja samaki, tunamaanisha ndagala, mukeke na sangala wa Ziwa Tanganyika. Trauti hatumjui sokoni wala jikoni. Hata hivyo nimemchagua katika insha hii kwa sababu mbili. Kwanza, historia yake inaonyesha jinsi ukoloni ulivyogeuza hata kijito cha mlimani. Pili, Mwingereza anayetajwa kuwa ndiye aliyemleta Kenya, Ewart Grogan, alipita kwanza huku kwetu. Katika safari yake ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, iliyoanza mwaka 1898 na kwisha mwaka 1900, aliifuata Tanganyika, akapanda bonde la Rusizi kuelekea Ziwa Kivu.

Ili tuelewe kilichotokea, tuanze na samaki mwenyewe. Trauti ni samaki wa maji baridi, safi, yanayokwenda mbio na yenye hewa nyingi. Ziwa letu, ambalo maji yake ya juu huwa na joto la nyuzi 24 hadi 28, lingemshinda. Kwao Ulaya, majira ya baridi humbadilisha tabia. Maji yakikaribia kuganda, mwili wake hupunguza kasi, hula kidogo, na hujificha kwenye vina ambako mkondo haumchoshi. Mvuvi wa huko hungoja saa za mchana, jua likishapasha maji kidogo. Mayai ya trauti wa kahawia hukaa chini ya changarawe majira yote hayo, yakikua polepole sana.

Upole huo wa kukua ndio uliomwezesha samaki huyu kusafiri. Wazungu waligundua kwamba mayai yakiwekwa kwenye kuvumwani na barafu, yanaweza kuvuka bahari kabla ya kuanguliwa. Kwa njia hiyo mayai kutoka Uingereza yalifika Tasmania mwaka 1864. Mwaka 1905 ikawa zamu ya Kenya. Mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, ziwa la Uskoti, yaliletwa kwa juhudi za Grogan, na samaki wakapandikizwa katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua ambayo walowezi waliiita Aberdare. Mwaka 1910 alifuata trauti wa upinde wa mvua, aliyeletwa kutoka Afrika Kusini, ingawa asili yake ni Amerika ya Kaskazini.

Je, samaki wa baridi anaishije karibu na ikweta? Jibu ni kimo. Kenya haina majira ya baridi kama ya Ulaya, lakini vilele vya Nyandarua vinakaribia mita 4,000, na Mlima Kenya una mita 5,199. Huko juu jalidi huanguka usiku, na asubuhi vijito hushuka vikiwa baridi. Anachokutana nacho mvuvi huko hakitawaliwi na theluji bali na mvua. Masika na vuli mito hujaa na kuchafuka, samaki haoni chambo; mvua zikikatika, maji hutakata na uvuvi hurudi. Walowezi walipata huko kijito cha kwao bila barafu ya kwao.

Hapa ndipo swali langu la historia linapoanza: kijito hicho kilikuwa cha nani? Kwa desturi, Wagikuyu waliokuwa wakiishi chini ya milima hiyo hawakula samaki. Trauti hakuletwa kwa ajili ya chungu chao. Aliletwa kwa ajili ya mchezo wa wageni, nao ukawekewa leseni na masharti, kama lile la kuvua kwa nzi wa bandia aliyefungwa kwa manyoya. Mto uliokuwa wa kunyweshea mifugo na kuchota maji ukawa pia mahali pa kuulizwa ruhusa. Wala tusisahau kwamba Grogan huyohuyo, mwaka 1907, aliwachapa viboko hadharani wanaume Wagikuyu mbele ya mahakama ya Nairobi, akafungwa mwezi mmoja.

Mwaka 1948 kilianzishwa kituo cha kuzalisha trauti Kiganjo, karibu na Nyeri. Miaka minne baadaye, Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth alikuwa katika nyumba ya Sagana, kando ya mto wa trauti, alipopashwa habari ya kifo cha baba yake. Oktoba mwaka huohuo hali ya hatari ilitangazwa nchini, na misitu ambamo mito hiyo inapita ikawa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau. Maji yaleyale yaliyomburudisha mlowezi yakamnywesha aliyetaka kumwondoa.

Leo kituo cha Kiganjo kinatoa vifaranga kwa wakulima Wakenya, na trauti anafugwa kwenye mabwawa na kuuzwa. Wako wanaosema kwamba hilo linafuta ubaya wa mwanzo. Mimi sikubali kwamba linafuta. Nakubali kwamba mali ya mchezo imekuwa riziki, na hilo si dogo.

Kinachonisumbua ni ukimya mmoja. Mwaka 1905 reli ilitoka Mombasa hadi Kisumu, lakini haikupanda Nyandarua, na barabara ya gari haikuwapo. Hivyo mzigo wa mwisho, wenye uhai na usiotakiwa kupata joto, ulipandishwa kwa miguu ya watu. Jina la mwenye mayai limehifadhiwa. Majina ya wapagazi hayamo.

Jambo hilo linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Lugha hii ilifika Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura, kwa midomo ya wafanyabiashara wa misafara, wapagazi na askari. Wapagazi walioibeba hawakuandikwa, kama vile hawakuandikwa wale wa Nyandarua. Tunaposoma kwamba fulani “alileta” kitu Afrika, iwe samaki, mbegu au kitabu, naona kazi yetu ya kwanza ni kuuliza ni nani aliyekitua mzigo huo kichwani.