Saa 600 Chini ya Lakiri

Mwishoni mwa Desemba 1928, kiwanda cha de Havilland cha Uingereza kilichukua injini moja ya Gipsy, sawa na zile zilizokuwa zikiuzwa kwa wateja, kikaipiga lakiri na kuifunga kwenye ndege aina ya Moth. Kwa miezi tisa ndege hiyo iliruka na kutua bila fundi yeyote kuruhusiwa kuifumua injini. Matunzo ya kawaida tu ndiyo yaliyokubaliwa. Ilipotimiza saa 600 angani, lakiri ikavunjwa, vyuma vikatandazwa mezani na kupimwa kimoja kimoja. Vipuri vya kuirudisha katika hali yake viligharimu pauni 7 na ushei.

Kwa watu wa anga wa siku zile, habari hiyo ilikuwa kubwa. Miaka kumi tu nyuma, vitani, ndege nyingi zilibeba injini za Gnome na Le Rhône, ambazo silinda zake zenyewe zilizunguka pamoja na rafadha. Zilikuwa nyepesi, lakini zilikunywa mafuta ya mbarika na kuyatema hewani, na baada ya saa chache, mara nyingi 20 hivi, zilirudi karakana kufumuliwa.

Gipsy ilizaliwa na ubanaji wa matumizi. Mhandisi Frank Halford alianza na Renault ya silinda nane, masalio ya vita, akatumia safu moja tu ya silinda zake kuunda injini ya Cirrus. Masalio yalipopungua, akabuni mpya kabisa mwaka 1927: silinda nne zilizopozwa kwa upepo, hakuna rejeta ya kuvuja.

Usahili huo ulifaa hasa mbali na kiwanda. Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929, alianza na Gipsy Moth. Huko vipuri vilitoka ng'ambo, na vumbi la viwanjani ni adui wa ringi za pistoni.

Saa za kufumua injini hazikuongezwa kwa kukisia. Mafundi walifungua, wakachunguza valvu za moshi, wakapima ulikaji wa beringi, ndipo muda ukasogezwa mbele kidogo kidogo. Kufikia 1945, Gipsy Major, toleo la baadaye la injini hiyo, iliruhusiwa saa 1,500. Sifa ya nambari hiyo ni ya mafundi sawasawa na ya mbunifu.

Gipsy Major, iliyoendesha Tiger Moth, ilipinduliwa silinda zikaelekea chini ili rubani aone mbele vizuri. Ndege ikilala, mafuta huchuruzika hadi ndani ya silinda. Kwa hiyo hadi leo, kabla ya kuiwasha, fundi huhakikisha swichi zimezimwa, kisha huizungusha rafadha taratibu kwa mkono. Ikigoma, hailazimishi: hufungua plagi, akayaacha mafuta yatoke.