Utenganishaji wa plazma

Utenganishaji wa plazma ni kazi ya maabara ya kuondoa chembe katika damu ili yabaki majimaji yake ya manjano hafifu, ambayo ni takriban asilimia 55 ya damu yote.

Damu huingizwa katika tyubu yenye kemikali ya kuizuia isigande. Tyubu ya kifuniko cha zambarau ina EDTA, ya kijani ina heparini, ya buluu hafifu ina sitrati. Kukosea tyubu ni kukosea kipimo: EDTA hutiwa ikiwa chumvi ya potasiamu, hivyo plazma yake haifai kupimiwa potasiamu. Damu iliyoachwa igande hutoa seramu, isiyo na fibrinojeni.

Tyubu hupinduliwa polepole mara kadhaa, kisha huzungushwa kwenye sentrifuji, mara nyingi kwa dakika 10, kila moja ikiwa na mwenzake wa uzito sawa upande wa pili. Chembe nyekundu hushuka chini; juu yake hukaa utando mwembamba wa chembe nyeupe na chembe sahani, na plazma huelea juu kabisa. Hunyonywa kwa pipeti bila kuugusa utando ule.

Mashine ikiwa nzima, adui mkubwa ni kuchelewa. Chembe zilizo hai huendelea kula sukari ndani ya tyubu, karibu asilimia 5 hadi 7 kila saa katika joto la kawaida, na mgonjwa wa kisukari anaweza kuonekana mzima. Zikipasuka, plazma huwa nyekundu na potasiamu hupanda kwa uongo.

Kwa wanaotumia ARV, plazma ndiyo sampuli bora ya kupima wingi wa VVU. Chembe nyeupe huficha vinasaba vya virusi, kwa hiyo zikichanganyika na plazma zinaweza kukuza hesabu na kumtia mgonjwa shaka juu ya dawa zinazomsaidia. Zahanati zilizo mbali na maabara hutuma matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, ingawa matone hayo hubeba chembe zote. Mwaka 2017 Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza sentrifuji ya karatasi na uzi, inayozungushwa kwa mikono na kutenganisha plazma kwa chini ya dakika 2 bila umeme.

Mchukuaji damu na mtenganishaji waandike saa kwenye fomu, kila mmoja yake. Bila saa hizo, mpimaji hana njia ya kujua kama sampuli ingali inafaa.