Kanda ya akiba: je, mashine inabana data kweli?

Ngoma zinazorekodiwa vijijini kwetu, iwe muheme wa akina mama wa Kigogo au marimba za aina aliyopiga hayati Hukwe Zawose, siku hizi huishia kwenye kompyuta. Kompyuta huharibika. Ndiyo maana taasisi zenye data nyingi huweka nakala ya akiba kwenye kanda za sumaku, ambazo hutolewa kwenye mashine na kufungiwa kabatini, mbali na virusi na umeme unaokatika.

Lakini kuna mtego. Kanda aina ya LTO-8 hutangazwa kuwa inabeba terabaiti 30, ilhali uwezo wake halisi ni 12. Hizo 30 hupatikana tu iwapo mashine inabana data wakati wa kuandika, na data yenyewe inabanika mara mbili na nusu.

Tuchukue mfano wa pamba. Pamba ya shambani hushindiliwa ikawa robota, lakini robota ukilishindilia tena halipungui. Maandishi na orodha za hesabu ni pamba ya shambani. Picha za simu, video na nyimbo za MP3 ni marobota tayari.

Fundi ahakikishe mambo mawili.

Kwanza, swichi. Kwenye kompyuta ya Linux, aandike amri tapeinfo -f /dev/sg0, akibadilisha namba ya mwisho kulingana na mashine yake. Jibu likionyesha "DataCompEnabled: yes", ubanaji umewashwa. Likionyesha "no", auwashe kwa amri mt -f /dev/nst0 compression 1.

Pili, matokeo. Mashine hutunza hesabu mbili: data iliyopokea na data iliyoandika kwenye kanda. Zikikaribiana, hakuna kilichobanwa. Ajaribu faili kubwa la maandishi: likipungua, mashine ni nzima, ila data yake ya awali ilikuwa robota.

Ushauri wetu: kwa sauti na video, hesabu 12, si 30. Terabaiti 30 za video zinahitaji kanda tatu. Na kikundi chenu kikikabidhi rekodi mahali, ulizeni: nakala imejaribiwa kusomwa? Rekodi ya asili isifutwe kabla ya hapo, maana mzee aliyeimba huenda hayupo tena kuimba upya.