Siku Moja Katika Mahame ya Pwani

Msomaji, ikiwa umekaa darasani ukasoma habari za kale za Pwani yetu, na ukaiona miaka ikipita machoni pako kama punje za mtama zinazomwagika, basi nakushauri ufanye kama nilivyofanya mimi na wapwa zangu wawili katika likizo ya mwezi wa nane. Tulikodi gari dogo mjini Mombasa, tukamwajiri kiongozi mmoja, mzee wa Kigiriama aliyeyajua magofu yale tangu ujana wake, na kwa siku moja, toka alfajiri hata jioni, tukazuru mahali patatu: Gedi, Malindi, na Ngome ya Yesu. Hatukufuatana na kundi la watu, wala hatukuharakishwa na mtu. Penye haja ya kusimama tulisimama, na penye swali tuliuliza.

Huenda ukastaajabu kwamba tuliipita Ngome, nayo iko mlangoni petu, tukaenda kwanza mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Mpango huo haukuwa wangu. Mzee alisema kwamba Ngome ni sura ya mwisho, na kwamba mtu mwenye akili hakianzi kitabu nyuma. Basi tukavuka daraja la Nyali jua halijachomoza, tukapita Mtwapa, tukapita mashamba ya mkonge ya Vipingo, tukafika Kilifi. Juu ya genge la upande wa kusini wa hori ile yapo magofu ya Mnarani, yaliyopewa jina kwa ajili ya kaburi lake lenye mnara. Hatukushuka. Siku moja ni siku moja.

Gedi imo msituni, karibu na Watamu. Ukishuka garini hutaona mji, utaona miti. Kima watakutazama toka matawini kama wenyeji wamtazamavyo mgeni asiyebisha hodi. Kisha, hatua chache tu, ukuta unatokea kati ya mizizi, na nyuma ya ukuta huo lango, na nyuma ya lango ua, na ndipo utakapotambua ya kuwa umesimama katikati ya mji. Mji huu ulizungukwa na ukuta wa nje uliokumbatia ekari 45 hivi, na ndani yake ukuta wa pili uliozunguka nyumba za mawe, jumba la mfalme na msikiti mkuu. Watu walianza kukaa hapa yapata karne ya 11 au ya 12, na mji ukafikia kilele cha utajiri wake katika karne ya 15. Liko kaburi moja lililoandikwa mwaka wa 802 wa Hijra, ndio 1399 wa Miladi. Mwandiko ule ni msaada mkubwa kwa wachimbuzi, kwa kuwa vitu vilivyofukuliwa karibu nalo hupimwa umri wake kwa mwaka huo.

Tazama vyumba. Ni virefu na vyembamba, na mpwa wangu mdogo alidhani wenyewe walikuwa maskini wa nafasi. Sivyo. Dari zao zilishikwa na boriti za mikoko, na boriti haina urefu wa kupenda mtu. Upana wa chumba ulikuwa upana ambao boriti iliweza kuubeba. Kuta ni za mawe ya matumbawe, na chokaa yake ilichomwa kutoka katika matumbawe hayo hayo. Viko vyoo vya shimo, ziko birika za maji, na ziko nyua zilizochimbwa chini kidogo ili kupata ubaridi. Nyumba nyingine zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Makasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Fedha za Kichina, Nyumba ya Ushanga wa Venisi, Nyumba ya Taa ya Chuma. Fikiri mwenyewe. Shanga iliyotengenezwa Ulaya, bakuli lililofinyangwa China, na vyote vikaishia sakafuni mwa nyumba moja katika msitu wa Kilifi.

Hapo ndipo mpwa wangu mkubwa, aliye kidato cha pili, alipouliza swali lililobadili safari yetu. Alisema, "Mzee, waliojenga hapa walikuwa Waarabu, sivyo? Ndivyo nilivyosikia."

Mzee hakujibu mara moja. Alituongoza mpaka kwenye msikiti mkuu, akatuonyesha mchongo wa ncha ya mkuki juu ya mlango mmoja. Kisha akatupeleka katika nyumba ndogo ya makumbusho, akasema, "Mwanangu, wewe umetazama bakuli la kigeni kwa sababu linang'aa. Tazama na chungu." Naam, vyungu vilikuwapo, vyungu vya udongo vya kupikia, vyenye nakshi shingoni, vya namna ambayo wafinyanzi wa Pwani wameifinyanga miaka na miaka. Bakuli la China lilikuwa la kuwekwa ukutani na kusifiwa na wageni. Chungu kilikuwa cha kila siku.

Ni haki nikueleze, msomaji, asili ya jambo alilolisikia kijana yule. Bwana James Kirkman, Mwingereza, ndiye aliyeyachimba magofu haya tangu mwaka 1948 kwa muda wa miaka kumi, na kitabu alichokitoa mwaka 1954 juu ya msikiti mkuu alikiita kwa jina la mji wa Kiarabu wa Gedi. Kazi yake ilikuwa kubwa na ya uangalifu, nasi tu wadeni wake. Bila yeye tungekuwa tunatazama mizizi tu. Lakini mtu huliona jambo kwa macho ya zama zake, na katika zama zile wataalamu wengi waliamini kwamba mji wa mawe katika Afrika hauna budi kuletwa na jahazi. Baadaye wachimbuzi wengine walifukua Shanga, katika kisiwa cha Pate, na chini ya msikiti wa mawe wakakuta misikiti mingine ya miti na udongo, mmoja chini ya mwingine, hata kufikia karne ya 8. Maana yake ni kwamba mji haukushuka pwani ukiwa tayari umekwisha jengwa. Ulikua papo hapo, kutoka udongo hata jiwe. Na mwaka 2023 wataalamu waliochunguza mifupa ya watu wa kale katika miji kadhaa ya Pwani, kama Mtwapa na Kilwa, waligundua kwamba nasaba ya kike ilikuwa karibu yote ya Kiafrika, na kwamba wanaume waliotoka Asia, hasa Uajemi, waliingia katika nasaba hiyo yapata mwaka 1000. Kwa hiyo mgeni alikuja kweli, akaoa, akazaa, akazikwa. Lakini alikuta watu.

Mzee aliongeza neno moja ambalo silioni katika vitabu vingi vya shule. Alituonyesha nafasi kubwa kati ya ukuta wa ndani na ukuta wa nje, mahali pasipo gofu lolote, miti tu na majani makavu, akasema kwamba hapo ndipo walipokaa watu wengi zaidi, katika nyumba za fito na udongo. Nyumba zao hazikubaki. Wapishi, wafinyanzi, wachimba visima na wakata boriti hawakuacha ukuta wa kupigwa picha. Tulisimama pale kitambo.

Kwa nini mji ulihamwa? Mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa mtupu. Wako wanaotaja Wazimba waliopita Pwani mwaka 1589 wakiteketeza miji. Wako wanaotaja mashambulio ya Waoromo kutoka kaskazini. Wako wanaosema kwamba mfalme wa Malindi alipohamishiwa Mombasa na Wareno katika miaka ya 1590, biashara yote ya jirani ilidhoofika. Mimi, nikipewa ruhusa ya kuchagua, naanza na maji. Kisima karibu na msikiti mkuu kilichimbwa tena kwenda chini zaidi, na mtu haongezi kina cha kisima kwa kujifurahisha. Adui humfukuza mtu, naye hurudi. Kiu ikimfukuza, harudi. Lakini msitu ulikwisha funga njia hata John Kirk, balozi wa Kiingereza huko Unguja, alipofika hapa mwaka 1884, na mwaka 2024 UNESCO ikauandika mji huu katika orodha ya urithi wa dunia.

Malindi sikuwekei mengi. Iko yapata kilomita 16 kutoka Gedi, na nguzo ya Vasco da Gama husimama kwenye rasi, nyeupe, na msalaba wa mawe ya Lisbon juu yake, bahari ikipiga chini. Upepo ni mzuri kuliko nguzo yenyewe. Da Gama alifika hapa mwezi wa Aprili 1498, akapokewa vizuri na mfalme wa Malindi, aliyekuwa na ugomvi na Mombasa, akapewa rubani, na mwezi wa Mei akafika Calicut. Ukiambiwa na kiongozi yeyote kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari, mshukuru kwa heshima lakini usiandike hivyo katika mtihani. Hadithi hiyo ilienea sana, na wanahistoria wa sasa wameikataa. Wala usidhani Malindi ilianza kujulikana siku hiyo. Mwaka 1415, miaka 83 kabla ya Mreno kutia nanga, twiga aliyetoka Malindi alikwisha fikishwa mbele ya mfalme wa China.

Tulirudi Mombasa alasiri. Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno toka mwaka 1593 hata 1596, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, nayo ukiitazama toka juu ina umbo la mtu aliyelala. Utaoneshwa mizinga, watoto hupenda mizinga. Mimi nakuomba usimame langoni kwanza, usome habari ya maandishi yaliyochongwa juu yake mwaka 1635, ambamo kapteni wa Kireno anajisifu jinsi alivyoitiisha Pwani. Majisifu hayo yana sababu, na sababu ni mtu mmoja aitwaye Yusuf bin Hassan.

Baba yake alikuwa sultani wa Mombasa, akauawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno. Yusuf, mtoto bado, alipelekwa Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa Dom Jerónimo, akafundishwa kusema na kuvaa na kupigana kama Mreno. Alipokuwa mtu mzima wakamrudisha kukalia kiti cha baba yake. Walidhani wameitengeneza funguo ya mji. Lakini mtu yule alikuja kukaa kati ya watu wake waliomtilia shaka, na kati ya makapteni waliomdharau, katika mji ambao kila mtu alijua baba yake alikufa vipi. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamwua kapteni, akaurudia Uislamu, akaitwaa Ngome. Kikosi kilichotumwa kutoka Goa mwaka 1632 kilishindwa kumtoa. Kisha akaondoka mwenyewe kwa jahazi, akawa mtu wa baharini asiye na nchi. Wareno wa mjini waliouawa siku zile walikuwa pamoja na wanawake na watoto, na sitakuficha hilo. Wala sitakuficha yaliyotangulia. Wapwa zangu walibishana juu yake mpaka tulipofika kisimani, mmoja akimwita shujaa na wa pili akikataa, nami nikawaacha.

Mengine ya Ngome nitayapita upesi. Toka Machi 1696 hata Desemba 1698 Waomani waliizingira, na maradhi yakawaua waliomo kuliko risasi. Na usidhani waliomo walikuwa Wareno peke yao, kwani mwana wa mfalme wa Faza na watu wake waliitetea pamoja nao. Merikebu Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa, ilizama chini ya kuta mwaka 1697, na vitu vyake vilitolewa baharini miaka ya 1970. Wamazrui walitawala hapa hata 1837. Katika chumba kimoja utaona michoro ya merikebu iliyochorwa ukutani na askari wa Kireno kwa rangi nyekundu na nyeusi; ni kazi ya watu waliochoka kungoja.

Toka mwaka 1895 hata 1958 Ngome ilikuwa gereza. Tulipofika mahali palipokuwa na vyumba vya wafungwa, Mzee wetu hakuingia. Tulidhani amechoka, kwa kuwa alikuwa amesimama toka alfajiri. Mpwa wangu mdogo alimwuliza. Akasema kwamba babu yake alifungwa humo kwa ajili ya kodi ya kibanda, na kwamba yeye huwaleta wageni mpaka hapo, kisha huwangoja nje.

Tulitoka saa kumi na mbili kasorobo, watunza lango wakijiandaa kufunga. Nilimlipa Mzee ujira wake na nauli ya kurudi kwao. Kijana wa kidato cha pili alikuwa ameketi kwenye ukingo wa ukuta akiandika katika daftari, na nilipochungulia niliona amechora ukuta wa ndani na ukuta wa nje wa Gedi, na katika nafasi iliyo kati yao ametia vibanda vidogo vidogo, vingi, mpaka karatasi imejaa.