Dua ya Mgonjwa na Kadari ya Mungu

Tulipokusanyika hapa Al Mankhool kumwombea mwenzetu aliyelazwa hospitali, kijana mmoja alituuliza: ikiwa Mwenyezi Mungu ameshaandika, dua ya nini?

Swali hili ni la zamani. Barabara kubwa ya mtaani kwetu ina jina la Khalid bin Walid. Abu Ubayda, aliyepokea uongozi wa jeshi la Sham baada yake, ndiye aliyemwuliza Khalifa Umar swali linalofanana na hilo. Umar alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika Sargh akasikia kuna tauni, akaamua kurudi Madina. Je, anaikimbia kadari? Umar alijibu kwamba anatoka kadari moja kuingia nyingine, kama mchunga ngamia anayeacha ukame kufuata majani.

Abu Ubayda alibaki na watu wake, na tauni ikamchukua mwaka 639. Baadaye Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, aliifananisha dua na ngao: mshale umekadiriwa, na ngao nayo imekadiriwa.

Basi tunaomba kama tunavyompa mgonjwa dawa, bila kumwekea Mungu sharti. Mwenzetu bado yu kitandani. Ijumaa tunakutana tena.