Ofisi ya haki isiyofikika ni ya nani?

Wadau, tukisikia "haki za walemavu" tunafikiria sheria na maandamano. Tunasahau swali dogo: mwenye shida anafikaje ofisini?

Mwaka 1962 Ed Roberts, aliyepooza kwa polio, aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mabweni hayakuweza kubeba mashine yake nzito ya kupumulia, akapangiwa chumba katika hospitali ya chuo. Idara ya ustawi wa walemavu ya jimbo ilishamkatalia msaada, eti hataweza kufanya kazi. Mwaka 1975 akateuliwa kuiongoza idara hiyo hiyo!

Katikati ya hapo, 1972, wenzake walianzisha Center for Independent Living, ambayo naye aliiongoza. Ilitengeneza viti vya magurudumu, ikatafutia watu nyumba na wasaidizi.

Roberts alifariki 1995. Mwaka 2010 likafunguliwa jengo lenye jina lake, pale pale kwenye kituo cha treni cha Ashby, na taasisi ile ikahamia humo. Unashuka kwenye treni, unaingia. Njia nyekundu ya mteremko inazunguka hadi ghorofani.

Sasa tazama mtaani kwako. Chama cha walemavu kilichopanga ghorofani, lifti hakuna, kinamtetea nani?